Tundu la Saa Tatu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kubwa, yenye fremu ya rangi ya dhahabu, na mmoja wenu akatania kwamba sasa Bi Raya hatakuwa na kisingizio cha kuchelewa. Mlicheka wote. Nilishukuru, nikala biriani yenu, nikarudishwa nyumbani kwa gari la meneja huku nimeipakata. Saa yenyewe sijaitundika. Iko juu ya kabati, imelazwa chali, na wajukuu wameshaniuliza mara nyingi kwa nini. Nawaandikieni ili msione kuwa nimeidharau zawadi yenu, na kwa sababu wengi wenu mmekuja karakanani baada ya mambo haya. Mlikuta mshale mwekundu umepakwa kwenye meza ya mashine ya CNC, mkaambiwa msiufute, na hakuna aliyekwambieni umetoka wapi.

Vyeo sitaviandika. Mshahara pia sitauandika, maana ungewachekesha, na hapa pana machache ya kuchekesha. Nitaandika kazi.

Nilifika karakana ya Wete, hapa Pemba, nikiwa nimetoka chuo cha ufundi Unguja, msichana mwenye cheti na viatu vyeupe. Wanaume walikuwa wamejipanga mlangoni kuniangalia kama bidhaa iliyoletwa kimakosa. Aliyevunja ukimya alikuwa fundi mkuu, Kombo Faki, ambaye wakati huo hakuwa bado Mzee Kombo. Alikuwa mtu wa Kojani, ametoka katika watu wa nyavu na mishipi kizazi hadi kizazi, akaikimbia bahari kwa sababu, alivyosema mwenyewe, chuma hakiozi kikingoja mnunuzi. Alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu, akasema, "Mwanangu, lezi inazungusha chuma, haina heshima kwa mtu. Ikilishika buibui lako haitakuvua nguo tu, itakuvua na ngozi. Nenda kwa mke wangu akakushonee ovaroli."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho yangu. Mkewe alinishonea mbili, zenye mikono ya kubana, pamoja na kitambaa cha kichwa cha kufunga kisogoni. Nilizivaa mpaka zikapauka.

Kwa muda mrefu Mzee Kombo hakuniruhusu kugusa mashine yoyote. Alinipa bikari, panchi, nyundo ndogo na vipande vya bati, akaniambia nichore duara na kupanga matundu ya bolti juu yake. Nyinyi mnaobonyeza vitufe mtaona ni upuuzi. Lakini duara la matundu ndilo nusu ya kazi yetu hapa kisiwani: kila flanji ya kuungia mabomba, kila kifuniko cha pampu, kila kikombe kinachofungwa kwenye shafti ya boti kina duara la bolti, na tundu moja likikosea upana wa ukucha, chote kinakuwa chuma chakavu. Alinionesha kwamba matundu sita hujigawa yenyewe. Unaichukua nusu kipenyo kwa bikari bila kuibadilisha, unatembea nayo juu ya duara, nayo inarudi ilikoanzia, sita barabara. Manne ni msalaba mmoja tu. Manane ni misalaba miwili. Lakini matano, alisema, yana ukaidi. Utatembea na bikari, utazidisha, utapunguza, utatukana kimoyomoyo, na bado utarudi ulikoanzia ukakuta umepitiliza.

"Na jengine," akasema siku moja, ameushikilia mkono wangu juu ya bati. "Kwenye sita, kula tundu linatazamana na tundu mwenziwe. Kwenye tano, tundu linatazamana na pawazi. Kumbuka hapo unapofunga klempu za kushikilia chuma."

Nilikumbuka. Baadaye nilihamia kwenye milingi ya mkono, mashine ya kukata na kutoboa chuma, ile ya kijani iliyopo mpaka leo pembeni, na meza yake ya kuzungusha ambayo unahesabu nyuzi za pembe kwa kishikio. Niliipenda mashine ile. Ilikuwa haikuamrishi wala huiamrishi. Ulikuwa ukizungusha na kuona unachozungusha.

Hamad alikuja miaka michache baada yangu. Alitoka katika ukoo wa asili ya Oman, waliokuwa na mashamba mengi zamani na sasa wanalima kama sote. Alikuwa mpole, mwepesi wa hesabu, mwenye tabia moja ya kuudhi: hakuweza kuweka chombo chini bila kukifuta kwanza. Mzee Kombo alimpenda kwa hilo tu. Lakini nje ya karakana kulikuwa na jambo baina yao. Mke wa Mzee Kombo alirithi kipande cha shamba la mikarafuu, na kipande hicho kinapakana na shamba la baba yake Hamad. Mpaka wenyewe ulikuwa mti mmoja uliokufa zamani. Kila msimu wa karafuu watu wa pande mbili walikuwa wakikutana pale kugombana juu ya mti ambao haupo. Kazini wale wawili hawakulitaja kamwe. Walikuwa wakipeana mkono asubuhi, wanafanya kazi, na jioni kila mmoja anakwenda kwa mawakili wake.

Kisha ikaja CNC, mashine ya kuamrishwa kwa kompyuta. Ilikuwa mtumba, imefika kwa meli ndani ya sanduku la mbao, nasi tulilivunja sanduku kwa shangwe kama watoto wa Idi. Pamoja nayo alikuja mkufunzi wa kigeni na kijana wa kumtafsiria. Mimi sikuwapo kwenye mafunzo yale. Mume wangu alikuwa amefariki, nami nilikuwa ndani nakaa eda. Nikawa nasikia habari za mashine kutoka kwa wanawake waliokuja kunitazama, ambao waume zao waliwaambia kuna kitu Wete kinatoboa chenyewe.

Nilipotoka eda mkufunzi alikuwa ameshaondoka. Hamad ndiye aliyefuzu. Mzee Kombo alikaa siku moja darasani, akasema macho yake hayawezi kuzisoma herufi za kijani kwenye skrini, akarudi kwenye lezi. Nikajifunza peke yangu. Nilifunga kalamu ya wino mahali pa biti ya kutobolea, nikaweka kadibodi mezani, nikaiandikia mashine amri moja moja na kutazama inachora nini. Kwa matundu ya duara inataka mambo manne: kitovu kiko wapi, nusu kipenyo ni ngapi, pembe ya kuanzia ni ipi, na idadi ya matundu. Basi. Inagawa yenyewe, hata matano, bila kumtukana mtu. Nilipoandika pembe sifuri, kalamu ilikwenda kuchora nukta ya kwanza upande wa kulia, upande wa mlango, kisha ikazunguka kushoto-kushoto mpaka ikamaliza. Nikaweka kichwani: sifuri ni mlangoni. Sikuona haja ya kumuuliza mtu jambo nililoliona kwa macho.

Kwa hiyo mimi na Hamad tuliitumia mashine moja miaka mingi, zamu yake na zamu yangu. Flanji za mabomba, vifuniko vya pampu, vikombe vya shafti za boti za Wete na Kojani. Manne, sita, manane, mara moja kumi na mawili. Kazi zilitoka safi. Kama mngetuuliza siku yoyote tundu la kwanza liko wapi, kila mmoja wetu angejibu bila kusita, na majibu yangekuwa mawili. Hakuna aliyetuuliza.

Mashine nayo ikawa inazeeka, na huku kwetu kitu kikizeeka huwa hakitengenezwi, huzoewa. Pampu yake ya maji ya sabuni, yale ya kupoza biti, iliungua. Tukaomba nyingine. Kioo cha mlango wake kikapasuka, tukakitoa. Tukaomba kingine. Sehemu ile inayozima mashine mlango ukiwa wazi ilifungwa waya ili mashine ikubali kufanya kazi bila mlango, maana sasa maji ilibidi yamiminwe kwa mkono. Meneja alijua, aliyemtangulia alijua, na kila mkaguzi aliyekuja alitia saini na kunywa chai. Aliyemimina maji alikuwa Mzee Kombo. Alikuwa ameshastaafu, akaombwa arudi kwa mkataba kwa kuwa lezi haikuwa na mwengine wa kuielewa, na lezi ikilala yeye hakuweza kukaa bure. Alisimama kando ya CNC na birika la chai la zamani, akimimina polepole panapotobolewa, mrithi wa bahari nzima ya Kojani akiwa na birika. Ndivyo alivyojitania mwenyewe. Miwani ya kazi ilikuwa haikai juu ya miwani yake ya kusomea, basi alivaa ya kusomea.

Siku hiyo kulikuwa na kifuniko cha pampu ya kisima. Shehia nzima ilikuwa haina maji, na sheha, mkuu wake, alikuwa amekuja mwenyewe kukaa kwenye benchi letu. Pampu ilikuwa ya nchi ambayo hatukuwahi kupata pampu yake, na kifuniko chake kilikuwa na bolti tano.

Hamad aliandika programu vizuri. Jana yake aliipitisha hewani, kama tulivyofundishana, mashine ikidonoa bila kugusa kitu. Meza ilikuwa tupu. Alihesabu midono mitano, akaridhika, umeme ukakatika, tukaenda zetu. Asubuhi akakifunga kifuniko mezani kwa klempu tatu ukingoni, kila moja mahali ambapo biti haitapita. Mzee Kombo alimsaidia kukaza. Biti ilikuwa ya kabaidi, fupi, ngumu kiasi cha kukata chuma kama sabuni, lakini ikipigwa hupasuka kama glasi. Mimi nilikuwa kwenye milingi ya mkono, nimewapa mgongo.

Nilisikia mlio mmoja mkavu. Halafu birika likaanguka.

Biti ilikuwa imeshuka kwa kasi yote, moja kwa moja juu ya klempu ya upande wa kulia. Hamad alikuwa ameshapiga kitufe chekundu, mkono wake umebaki pale pale. Mzee Kombo alikuwa amesimama wima. Hakupiga kelele. Alikuwa anapapasa hewani kulitafuta birika, na akasema, "Raya, maji yamemwagika, mtu atateleza." Kioo cha miwani yake kilikuwa kimeingia jichoni pamoja na kipande cha kabaidi.

Sitawaelezeni gari, wala kivuko, wala hospitali ya Unguja. Jicho la kulia halikuokolewa. Daktari alituonya kwamba jicho moja likiumia vile, la pili huweza kulifuata bila hata kuguswa, na kweli likalifuata, taratibu, wakati yuko nyumbani watu wameshaanza kumpongeza kwa kunusurika na moja. Nilimkasirikia Mungu, nikatubu, nikakasirika tena. Mtu aliyeweza kupapasa ukingo wa chuma kwa kidole na kukwambia umezidi unywele, sasa anaongozwa chooni.

Na kabla hata ya jicho la pili, mdomo wa watu ulikuwa umeshamaliza kesi. Sokoni Wete ilijulikana: kisa mikarafuu. Hamad kamtoboa mzee wa watu kwa ajili ya mpaka wa shamba, tena kwa mashine, ili ionekane bahati mbaya. Klempu gani hiyo inayowekwa hasa hasa chini ya biti? Fundi wa miaka yote ile hajui tundu linaangukia wapi? Faki, mtoto mkubwa wa Mzee Kombo, alikwenda polisi. Wakamchukua Hamad, wakamhoji, wakamrudisha, wakamchukua tena. Karakanani alisimamishwa. Mchumba wa binti yake akarudisha jibu kwamba wasubiri kwanza. Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa naitazama ile klempu na sina la kujibu. Nilikwenda kuziangalia zote tatu. Si moja iliyokuwa imekosewa. Zote tatu zilikuwa zimekaa juu ya mahali pa tundu, kila moja katikati kabisa, kama mtu aliyepima.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu mzembe hakosei sawasawa mara tatu. Ama Hamad alikusudia, ama alikuwa na sababu.

Nikaenda kwake. Alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake, amekonda, anafuta kikombe cha chai kisichokuwa na chai. Sikuzunguka.

"Hamad, klempu ya kulia uliiwekeani pale?"

"Hata weye, dada Raya?"

"Nijibu."

"Kwani ningeiweka wapi? Tundu la mwanzo huwa saa tatu. Ndivyo tulivyofunzwa. Matundu matano, mbele ya tundu ni pawazi. Nkaweka klempu saa tisa, ng'ambo ya pili, kusikopita kitu. Na zile mbili vivyo hivyo, nkafata pawazi kwa pawazi. Wallahi, dada, nshawambia polisi mpaka n'mechoka."

"Nioneshe saa tatu."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. "Saa tatu, dada! Saa tatu i wapi pengine?" Akanyoosha kidole hewani, kushoto.

Nilikaa chini pale pale kwenye baraza bila kukaribishwa.

Fikirini wenyewe, nyinyi mnaotania kwa saa. Saa tatu asubuhi, watoto wako shule, chai imeshanywewa. Mshale mfupi uko wapi? Uko kwenye tarakimu ya tisa, kushoto. Toka udogoni tunaangalia tisa na kusema tatu, hatufikiri, ndiyo saa yetu. Yule mkufunzi aliwaambia kwa lugha yake kwamba sifuri ya mashine iko pale saa inapoonesha tatu, na kwake yeye hapo ni kulia, kwenye tarakimu yenyewe. Kijana wa kutafsiri akasema saa tatu. Hakudanganya. Alihamisha neno likafika salama, mshale ukabaki ng'ambo. Angesema saa tisa ingekuwa sahihi, na huenda angeonekana hajui Kiingereza.

Hamad akaingia kazini na sifuri yake kushoto, na kwa miaka yote ile mashine ikaanzia kulia. Kwenye manne, sita na manane haikuwa na maana, kwa sababu tundu hutazamana na tundu. Uanzie kulia, uanzie kushoto, matundu ni yale yale. Mtu haangalii biti inaanza tundu lipi. Anaangalia kama inatoboa vizuri. Ilihitajika pampu moja ya bolti tano kuja Pemba ili kosa litoke lilikojificha. Na likitoka, halikosei kidogo: kila alipopaona pawazi ndipo palipokuwa na tundu.

Nilipomweleza, Hamad hakufurahi. Alikiweka kikombe chini bila kukifuta. "Kwa hivo n'mempofua kwa neno," akasema. Akalia mbele yangu, mwanamme mwenye mvi, na sikujua nifanye nini ila kuangalia barabarani ili nisimtazame.

Nilichukua kalamu mbili za rangi mbele ya meneja na afisa wa polisi. Nyekundu niliifunga mahali pa biti, ikachora mashine inapotoboa. Buluu nikaichora kwa mkono, pale Hamad alipodhani itatoboa. Matano na matano, kila nyekundu imekaa kwenye pawazi baina ya buluu mbili. Afisa alielewa upesi kuliko meneja. Jalada likafungwa. Kioo cha mlango na pampu ya maji vikafika mwezi ule ule, baada ya kuombwa miaka kadhaa, na mimi nikapaka ule mshale mwekundu kuelekea mlangoni. Toka hapo hatusemi saa karakanani. Tunasema sifuri ni mlangoni, na ukimsikia mgeni anasema vyengine, mwambie akuoneshe kwa mkono.

Hamad alirudishwa kazini kwa barua. Hakurudi. Alisema polisi wamemfutia, lakini aliyetobolewa hajamfutia. Na kweli, Faki hakuyapokea maelezo. Alisema ni maneno ya kitoto, mtu na akili zake atakosaje kulia na kushoto. Binti wa Hamad akabaki na posa iliyoning'inia, maana watu wa mchumba walikuwa wanangoja neno la Mzee Kombo, si la polisi. Mzee alikuwa kwa Faki, Gombani, na hakutaka kusikia jina la Hamad.

Nikamwambia Hamad twende. Tulifika alasiri. Uwanjani Gombani kulikuwa na mpira na kelele zilikuwa zinapita juu ya mapaa. Hamad alibaki nje, chini ya ukuta. Nikapiga hodi.

"Bi Raya," Faki akasema mlangoni, "karibu weye. Lakini usimletee baba habari za yule."

Kutoka ndani Mzee Kombo akasema, "Mwache Raya apite. N'namjua kwa viatu."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa kanzu safi, mikono yake mikubwa iko juu ya magoti kama vyombo vilivyohifadhiwa. Nilimwamkia, akaitikia. Aliniuliza habari za lezi kabla ya habari za watoto wangu. Nikamjibu. Halafu nikasema, "Mzee, nina swali moja, nijibu kwa mkono. Ni saa tatu asubuhi. Mshale mfupi uko wapi?"

"Swali gani hilo, mwanangu?"

"Nijibu tu."

Akaunyanyua mkono, akaunyoosha kushoto. Hakusita.

Nikaushika mkono ule. Ulikuwa bado mgumu, bado una makovu ya chenga za chuma. Nikauzungusha taratibu mpaka kulia. "Yule mkufunzi," nikasema, "saa tatu yake iko huku. Hamad aliambiwa saa tatu."

Nikaona anafanya hesabu. Mnaomjua mtu kazini mnajua uso wake akipima. Midomo ilicheza kidogo.

"Bolti tano," akasema.

"Tano, Mzee."

"Tundu lina pawazi mbele yake." Uwanjani watu wakapiga kelele ya bao. "Klempu zote tatu?"

"Zote tatu, katikati kabisa."

"Mbili nlikaza mie," akasema. "Mie mwenyewe. Akan'onesha pawazi, nami nkapaona pawazi."

Faki alikuwa amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kuomba, juu ya Hamad, juu ya binti yake, na yote nikayaona hayahitajiki. Nilidhani nimemletea mzee wangu nafuu. Nilifurahi, kwa ule muda mfupi nilifurahi kabisa.

Mzee Kombo akautoa mkono wake kwenye wangu.

"Ungeniacha, Raya," akasema.

"Nikuache vipi, Mzee?"

"Uniache na lile la mikarafuu. Kula alfajiri n'naamka, n'nafumbua macho, hamna kitu. Lakini n'na mtu wa kumchukia. Yule mtoto wa mashamba, kanifanyia makusudi. N'namchukia mpaka jua lapanda, halafu siku yapita. Leo umekuja umenondoshea." Alizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ile ya kuniambia kipimo cha venia kimekaa upande. "Kesho n'mchukie nani? N'ichukie saa?"

Faki aligeuka akatazama nje, mabega yake yanacheza.

Tulikaa hivyo mpaka kelele za mpira zikaisha na watu wakaanza kupita njiani wakibishana. Ndipo Mzee Kombo akauliza, "Yupo hapo nje?"

"Yupo, Mzee."

"Mwite."

Faki ndiye aliyetoka kumwita. Hamad aliingia, akavua viatu, akatoa salamu kwa sauti isiyosikika, akasimama karibu na mlango, upande wa kulia wa Mzee. Mzee Kombo akaunyanyua mkono kumpa, akaunyoosha upande mwengine, kushoto, kwenye ukuta mtupu, akaushikilia pale akingoja. Hamad akautazama. Kisha akauzunguka mkeka polepole, akapiga magoti kule kwenye ukuta, mahali mkono ulipokuwa.